Simu ya Mwananchi Imfikie Awezaye Kuijibu

Katika kazi zote za kuwatumikia wananchi, hapana iliyo nyepesi kuisema na nzito kuitenda kama hii: mwenye shida afikishwe kwa yule awezaye kumwondolea shida yake, kwa wakati, bila ya kuzungushwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa miguu. Mwananchi alitoka kwake akenda kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akamwongoza kwa sheha au kwa diwani, na safari ikaendelea hadi mlango wa wilaya. Leo sehemu kubwa ya safari hiyo inafanywa kwa simu. Mlango wa Serikali umekuwa ni namba ya tarakimu tatu, na anayeketi nyuma ya mlango huo ni mhudumu ambaye mwananchi hamwoni wala hamjui kwa jina.

Basi suala linalotupasa kujiuliza, sisi tulio katika Chama na wenzetu walio Serikalini, ni hili: mhudumu huyo ni nani, na ni kwa kanuni gani simu ya mwananchi imefikishwa kwake yeye na si kwa mwenziwe? Tumechagua kulizungumza suala hili kwa kuitazama Loliondo, makao makuu ya Wilaya ya Ngorongoro, kule mpakani na Kenya. Atakayeuliza Loliondo inawahusu nini watu wa Visiwani, tunamjibu kwamba mfumo wa simu tutakaoueleza umeenezwa Bara na Zanzibar, na chombo hujulikana uimara wake kinapopelekwa penye mawimbi. Loliondo ndipo penye mawimbi.

FOLENI YA SAMUNGE

Wengi wetu tulilisikia jina la Loliondo kwa mara ya kwanza mwaka 2011, kwa khabari za kikombe. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, marehemu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa akiwanywesha watu dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Tarafa ya Sale, kwa malipo ya shilingi 500. Hatukusudii kuizungumza dawa yenyewe, ambayo wataalamu hawakuithibitisha kuwa inaponya maradhi yaliyotajwa. Tunaizungumza foleni.

Watu walimiminika kutoka kila pembe ya nchi na kutoka nchi jirani. Ilitangazwa kwamba msururu wa magari ulifika kilometa 26. Wagonjwa walilala njiani siku kadhaa wakisubiri zamu, na wapo waliofikwa na mauti kabla ya kukiona hicho kikombe. Mwishoni mwa mwezi wa Machi mwaka huo, Mchungaji mwenyewe aliwaomba watu wasiende tena hadi ipite tarehe 1 Aprili, ili waliokwisha kufika wapungue kwanza.

Sababu ya msururu ule haikuwa wingi wa watu peke yake. Iliaminiwa kwamba kikombe hakifai kitu kisipotolewa kwa mkono wa Mchungaji mwenyewe. Yaani palikuwapo na mhudumu mmoja tu, asiyeweza kusaidiwa wala kupokewa, na mbele yake maelfu ya watu wasiopangwa kwa uzito wa hali zao. Aliyekuja na kikohozi na aliyekuja akiwa katika pumzi za mwisho walishika mstari mmoja. Tukiyaondoa magari na vumbi, tukaweka simu mahali pake, tutaiona hali ile ile katika ofisi yoyote yenye namba moja, mpokeaji mmoja na wananchi wengi. Tofauti ni kwamba foleni ya magari huonekana na kupigwa picha magazetini. Foleni ya simu haionekani. Mtu hukata tamaa peke yake, nyumbani kwake, na hapana anayemhesabu.

MSIBA ULIOZAA NAMBA 999

Mataifa mengine yalijifunza jambo hili kwa gharama ya roho za watu. Mwezi wa Novemba 1935, nyumba moja katika mtaa wa Wimpole mjini London iliwaka moto na wanawake watano wakafa. Jirani alikuwa amekwisha kupiga simu kuomba zimamoto, lakini simu yake ilikaa foleni pamoja na simu za kawaida, kwa sababu mashine ya kituo cha simu haikuwa na njia ya kuitambua simu ya moto na kuitofautisha na simu ya salamu. Jirani huyo aliandika barua gazetini, na Bunge la Uingereza likalishika jambo hilo. Tarehe 30 Juni 1937 namba 999 ikaanza kutumika London. Ilipopigwa, king'ora kililia na taa nyekundu ikawaka mbele ya wapokeaji, nao wakaacha waliyokuwa nayo.

Ulikuwa ni mpango mdogo, lakini ndani yake mna msingi wa yote yaliyofuata: simu haziko sawa, na mtambo lazima ufundishwe kuzitofautisha kabla hazijafika sikioni mwa mtu.

Mwaka 1973 kampuni ya Rockwell ya Marekani ililitengenezea shirika la ndege la Continental mtambo uliogawa simu za abiria kwa wahudumu wenyewe kwa wenyewe. Mitambo ya kwanza ya namna hiyo iliangalia jambo moja, yaani nani amekaa muda mrefu zaidi bila ya simu, naye ndiye aliyepewa ijayo. Ni haki kwa wahudumu, kwa kuwa kazi hugawanywa sawa. Lakini baadaye ilidhihirika kwamba haki kwa wahudumu si lazima iwe haki kwa wapigaji. Abiria asiyejua Kiingereza alipopewa mhudumu asiyejua lugha nyingine, wote wawili walipoteza wakati, na simu ikaanza safari upya. Ndipo mitambo ikaongezewa daftari la kila mhudumu: lugha azijuazo, mambo aliyofunzwa, eneo alijualo. Simu inapoingia, mtambo hutazama inatoka wapi na mpigaji amechagua nini, kisha humtafuta, miongoni mwa walio huru, yule anayefaa zaidi.

Wazee wetu wa vyuoni walilijua jambo hili bila ya mtambo wowote. Mwalimu wa chuo cha Kurani mwenye watoto hamsini hawasomeshi wote yeye. Wanaoanza alifu huwekwa mbele ya mwanafunzi mkubwa, khalifa wa chuo. Waliofika mbali huketi kwa Mwalimu mwenyewe, na khalifa akikwama humrejea Mwalimu. Kila mmoja amewekwa mbele ya yule anayemfaa, na Mwalimu hakumbebeshwa mzigo wa kusahihisha irabu za kila mtoto.

HESABU YA KUSUBIRI

Mtu atasema: tuongeze wahudumu, mambo yatakwisha. Ni kweli wanahitajika, lakini idadi yao ina hesabu yake, na hesabu hiyo ilikwisha kufanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika Kampuni ya Simu ya Copenhagen, alitoa makala yake ya kwanza juu ya mwendo wa simu mwaka 1909, na mwaka 1917 akatoa kanuni ambazo vituo vya simu vinazitumia hadi leo.

Tuchukue mfano. Kituo kinapokea simu 60 kwa saa, na kila simu huchukua kwa wastani dakika 3. Hiyo ni kazi ya dakika 180, sawa na saa 3 za kazi ndani ya kila saa moja. Mkubwa wa ofisi asiyejua hesabu hii ataajiri watu 3 na kuona amemaliza. Kwa hakika ameunda foleni isiyokwisha, kwa kuwa simu haziji kwa mpango. Huja nyingi kwa pamoja, kisha kimya. Akiwa na wahudumu 4, nusu ya wapigaji watasubiri, na wastani wa kusubiri kwa wapigaji wote utakuwa kama dakika moja na nusu. Akiwa nao 5, atakayesubiri ni kama mmoja katika wanne, na wastani utashuka hadi sekunde 21 hivi. Wakiwa 6, atasubiri mmoja katika kumi, na wastani utakuwa kama sekunde 6. Mtu mmoja zaidi, mahali panapostahili, hugeuza shida kuwa raha.

Kanuni hizo hizo zinatufundisha jambo la pili. Chukua wale wahudumu 4, uwagawe vyumba viwili visivyosaidiana, kila chumba watu 2 na simu 30 kwa saa. Wastani wa kusubiri utakuwa karibu dakika 4. Waunganishe katika foleni moja, watu wale wale, mshahara ule ule, simu zile zile, na wastani utashuka hadi dakika moja na nusu. Hakuna senti iliyoongezwa. Kilichoondolewa ni ukuta.

Maofisa wetu tunaomba waliangalie jambo hili kwa makini. Nchini Tanzania mwananchi anatakiwa akumbuke 112 kwa polisi, 113 kwa rushwa, 114 kwa zimamoto na uokoaji, 115 kwa dharura ya mama mjamzito na mtoto mchanga, 116 kwa mtoto aliye hatarini, na 199 kwa maelezo ya afya. Kila namba ina sababu yake na watu wake wenye ujuzi. Lakini mwenye nyumba inayoungua na mtoto ndani apige ipi? Tumemfanya mwananchi awe ndiye mtambo wa kugawa simu, katika saa ambayo akili yake haikutulia. Ukuta baina ya namba hizi ni wa ofisi na ofisi. Kwa mwananchi Serikali ni moja.

MFANO WA M-MAMA

Hatukosi la kujivunia. Mfumo wa M-Mama ulianzia Sengerema, mkoani Mwanza, kwa ushirikiano wa Serikali na Taasisi ya Vodafone na wengineo, ukaendelea mkoani Shinyanga, na mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kuwa wa taifa zima. Tangu hapo umeenezwa Bara na Zanzibar, na nchi ya Lesotho nayo imeufuata.

Kazi yake ni hii. Mama aliyepatwa na dharura ya uzazi, au jamaa yake, au mhudumu wa afya wa kijijini, hupiga 115 bila ya malipo, usiku na mchana. Mratibu anayepokea humuuliza maswali yaliyopangwa, hupima uzito wa hali, na hutazama kituo cha afya kipi kinaweza kuihudumia hali hiyo. Kisha hutafuta gari. Ikiwapo gari ya wagonjwa karibu, huitwa hiyo. Ikiwa haipo, huitwa dereva wa hapo hapo kijijini au mjini, mwenye teksi au gari yake mwenyewe, aliyekwisha kuandikishwa na kufunzwa. Mama akifikishwa na kituo kikathibitisha, dereva hulipwa kwa simu yake.

Tazameni ubora wa mpango huu. Watu wa M-Mama waliuliza swali moja ambalo ofisi nyingi hazijiulizi: aliye bora wa kumchukua mama huyu, kwa saa hii, ni nani? Jibu mara nyingi si gari kubwa yenye king'ora iliyoko kilometa 80. Ni dereva aliyelala nyumba ya tatu, mwenye tangi lenye mafuta. Anayefaa zaidi ni yule aliyepo na anayeweza, cheo chake kiwe chochote. Takwimu za taifa za afya ya uzazi zilionyesha vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, na 104 katika utafiti wa 2022. Utafiti huo wa pili ulifanyika wakati M-Mama inaanza tu kuenezwa, kwa hiyo mafanikio yale yana wenyewe: zahanati, wakunga, dawa, barabara. Lakini 104 bado ni akina mama 104, na miongoni mwao wamo wanaopotea kwa kuchelewa kufika.

MTIHANI WA LOLIONDO

Sasa tuupeleke mfumo huo Ngorongoro. Wilaya hiyo ina tarafa tatu, Loliondo, Sale na Ngorongoro, na eneo lake ni kilometa za mraba zaidi ya 14,000. Ni kama kuzichukua Unguja na Pemba pamoja mara tano. Mji wa Arusha, makao makuu ya mkoa, uko mbali kwa mwendo wa siku. Serikali imeweka lami ya kilometa 49 baina ya Waso na njia panda ya Sale, na faida yake inaonekana, lakini vijiji vingi vingali mbali na lami hiyo. Hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na padri aliyekuwa daktari, Herbert Watschinger kutoka Austria, ndiyo tegemeo la watu wa huko.

Mama wa Malambo amepatwa na kifafa cha uzazi usiku. Simu inapigwa na mama mkwe. Hapo mambo matatu yanaupima mtambo.

La kwanza ni lugha. Mama mkwe huyo huenda anajua Kimaasai tu. Angekuwa wa Digodigo au Samunge, huenda angesema lugha ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, na lugha hiyo haifanani hata kidogo na Kimaasai. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa na tunakienzi. Lakini mtu aliyepatwa na hofu hurejea katika lugha aliyonyonya nayo. Mitambo mingi ya simu humuuliza mpigaji achague Kiswahili au Kiingereza. Kwa bibi wa Malambo, hilo si chaguo. Mhudumu aliye huru haraka kuliko wote, asiyeelewa analoambiwa, kwake yeye ni sawa na kutokuwapo mhudumu.

La pili ni kujua mahali. Ipo Oldonyosambu katika Wilaya ya Ngorongoro, na ipo Oldonyosambu nyingine katika Wilaya ya Arusha, kandokando ya barabara ya Namanga. Mratibu asiyejua tofauti hiyo ataagiza gari kwa nia njema kabisa, na gari itakwenda kusiko. Wasomaji wa Visiwani wasicheke. Ipo Kinyasini Unguja, Mkoa wa Kaskazini, na ipo Kinyasini Pemba, Wilaya ya Wete. Baina yao kuna bahari. Na mratibu anayepokea simu ya mama wa Tumbatu asipojua kwamba kabla ya gari panahitajika chombo cha kuvuka hadi Mkokotoni, atakuwa ameagiza gari ikasimame ufukweni.

La tatu ni uwezo wa kuamua. Kuna mhudumu anayeweza kuagiza gari itoke sasa hivi, na kuna mhudumu anayeweza kuandika tu maelezo na kuahidi kwamba yatafikishwa kwa wahusika. Simu ya dharura ikimwangukia huyo wa pili, ingawa ni mpole na hodari wa maneno, haijafika bado. Wananchi wetu wanalijua neno "wahusika", na wamelichoka.

Ndiyo maana tunasema kwamba neno "aliye bora" lazima lifafanuliwe kutoka upande wa mpigaji. Aliye bora ni yule anayemwelewa, anayejua alipo, na mwenye mamlaka ya kutenda. Wepesi wa kunyanyua simu unakuja baada ya hayo matatu.

Hapa msomaji makini ataona ugumu. Hesabu ya Erlang inatuambia tubomoe kuta, kila simu impate yeyote aliye huru. Loliondo inatuambia tuchague, simu impate anayefaa. Je, tumfanyeje mama mkwe wa Malambo ikiwa mhudumu pekee ajuaye Kimaasai anazungumza na mtu mwingine? Tumwache asubiri, au tumpe asiyemwelewa?

Jibu lipo, nalo linataka kupangwa mapema, wakati wa utulivu. Mtambo upewe amri ya kumtafuta kwanza anayefaa kabisa, kwa sekunde chache zilizowekwa. Asipopatikana, simu iende kwa anayemfuatia kwa kufaa, awe mkoa wowote. Akiwa hajui lugha, aweze kumwita mkalimani aingie kati yao katika simu ile ile, watu watatu wakazungumza pamoja. Mkalimani huyo si lazima akae Arusha katika chumba chenye kiyoyozi. Anaweza kuwa muuguzi wa Wasso au mwalimu mstaafu wa Digodigo, aliyeandikishwa kama wale madereva wa M-Mama walivyoandikishwa, na analipwa kwa simu aliyoihudumia kama wao wanavyolipwa kwa safari. Ikiwa nchi imeweza kumpata dereva wa kijijini saa nane za usiku, itashindwaje kumpata msemaji wa lugha?

HADHARI TATU

Yapo ya kujihadhari nayo. Mtambo unaopeleka simu kwa walio bora huwaadhibu walio bora. Muuguzi hodari, mwenye lugha tatu na moyo wa subira, atapewa simu ngumu zote, asubuhi hadi jioni, ilhali mvivu anapumzika kwa sababu daftari linaonyesha hajui lolote. Baada ya miezi michache hodari huyo atachoka au ataondoka. Dawa yake ni mafunzo kwa wengine, mapumziko kwa aliyebeba mzito, na malipo yanayotambua uzito huo. Tusipofanya hivyo tutakuwa tunakula mbegu.

Hadhari ya pili ni kipimo. Mkubwa anayewapima wahudumu kwa wingi wa simu walizomaliza kwa saa atapata simu fupi. Mhudumu atajifunza kukata, kuhamisha, kuahidi. Simu ya mama mkwe wa Malambo huchukua dakika 10, na inastahili dakika hizo. Kipimo cha haki ni swali moja: shida ya mpigaji ilikwisha, au alilazimika kupiga tena?

Ya tatu ni upendeleo. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi mjini Kansas City, Marekani, aliona wateja wanampungukia, akamshuku mwendesha mitambo ya simu kuwa anazipeleka simu zake kwa mpinzani wake. Kwa hasira akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila ya mkono wa mtu, na akapewa hataza mwaka 1891. Tangu siku hiyo watu wamedhani kwamba mtambo hauna upendeleo. Si kweli. Mtambo hufuata amri ulizopewa, na amri huandikwa na watu. Mahali pengi duniani makampuni huzitanguliza simu za wateja wenye fedha, na maskini akasikilizishwa muziki. Kampuni ina biashara yake. Lakini namba ya umma ikianza kuitambua simu ya mkubwa na kuipitisha mbele ya simu ya mfugaji wa Arash, hapo tutakuwa tumeuvunja msingi ambao Chama kimejengwa juu yake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Waliouandika hawakuiona mitambo ya leo, lakini dharau iliyoandikwa ndani ya programu ni dharau vile vile.

YANAYOTUPASA

Mwaka 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ni kazi kubwa, na bila ya mnara yote tuliyoyasema ni maneno. Lakini mnara ni waya mrefu tu. Unamfikisha mwananchi mlangoni. Kufunguliwa ni kazi nyingine. Kwa hiyo tunayaweka mbele ya wakubwa wetu mambo haya.

Kwanza, kila kituo cha simu cha umma kiwe na daftari la kweli la wahudumu wake: lugha, maeneo wanayoyajua, na uwezo wao wa kuamua. Pale penye pengo, kama Kimaasai au lugha ya Watemi, litangazwe kuwa ni pengo na lizibwe kwa kuandikisha watu wa huko huko.

Pili, namba za dharura ziunganishwe kwa ndani. Mwananchi apige yoyote, na aliyepokea awe na wajibu wa kumfikisha panapostahili akiwa bado hewani, bila ya kumwambia akate apige nyingine. Vituo vya mikoa navyo visaidiane: Arusha ikizidiwa, Manyara ipokee, Unguja ikizidiwa, Pemba ipokee.

Tatu, majina ya vijiji, shehia, mabwawa, malambo na bandari ndogo yaandikwe pamoja na wazee wa pale, na kila jina linalojirudia liwekewe alama ili mratibu alazimike kuuliza: ni Kinyasini ipi?

Nne, simu zilizokatwa kabla ya kupokewa zihesabiwe na kutangazwa hadharani kila mwezi, mkoa kwa mkoa. Foleni isiyoonekana ionekane, kama ilivyoonekana ile ya Samunge.

Tano, Wawakilishi, Wabunge na madiwani waifanye kazi hii kuwa yao. Kiongozi akitembelea kijiji na apige namba ya dharura mbele ya wananchi, kwa makubaliano na kituo ili asiwaondoe kwenye dharura ya kweli. Wananchi wasikie wenyewe nani anapokea, kwa lugha gani, na baada ya muda gani.

Watu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa thamani ya dakika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hatusemi kwamba simu ingewarejesha wale tuliowazika. Tunasema kwamba nchi iliyopitia misiba ile haina udhuru wa kutokujua mapema nani atapokea, nani ataamua, na nani atatoka.

Dini yatufunza kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Simu ya mwananchi ni amana. Anapobonyeza tarakimu tatu usiku wa manane, iwe Malambo au Tumbatu, ameikabidhi Serikali yake jambo zito kuliko yote aliyonayo saa ile. Mitambo ya kulifikisha tunayo, hesabu tunazijua, na watu wa kuijibu wamo katika vijiji vyetu. Waandikishwe, wafunzwe, walipwe, na kazi ianze huko huko Loliondo.